Alama Sita Chini ya Ngozi

Baba,

Nikwambie ukweli, nimekuwa mtu mbaya tangu tukuzike. Ndiwa, kaka yangu, nimemwita mwongo mbele ya Mama.

Unakumbuka nilivyoteguka bega nikipakia magunia ya mahindi hapa Kitale, ukasema upinde wangu ubaki kwako Cheptais mpaka nipone. Miezi mitano nimevuta mpira wa mazoezi kwa daktari nikilia. Katikati ukaniacha. Nilipokuja kuuchukua upinde, Ndiwa ndiye alinipa. Akacheka. Mbona acheke?

Nikauvuta. Ulikuja laini, bila uchungu. Nikafurahi, ati nimepona! Lakini mishale yote ilianguka chini ya shabaha. Hapo nikajua kuna mtu ameukwangua, ameuharibu. Na ni nani kama si Ndiwa, anayetaka nafasi yangu kwenye mashindano ya Bungoma? Nilianza kumchunga. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mfuko wa upinde nione kama ataufungua tena. Chai yake sikunywa. Aliapa kwa kaburi lako kwamba hakuugusa, nikamwambia, "Wacha uongo, bana." Mama alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. Hata yeye nikamshuku.

Jana ngozi ya pale pa kushikia ililegea, nikaitoa niifunge upya. Wewe kila ukiukwangua upinde uwe mwembamba na laini kuvuta, ulichoma alama moja hapo chini ya ngozi kwa msumari moto, mimi nikikupepelea makaa. Nilijua alama tatu. Baba, ziko sita. Na hizo tatu mpya zimepinda, zinatetemeka, vile mkono wako ulivyokuwa ule mwezi wa mwisho.

Ulikuwa mgonjwa hivyo, na bado ulikuwa unawaza bega langu.

Si ungeniambia tu? Lakini najua, ningekataa. Ningesema upinde wa mtoto sitaki, nivute ule mgumu, niumie tena.

Nimeenda kwa Ndiwa, nimeomba msamaha, nimekunywa chai vikombe viwili. Kumbe siku ile alicheka kwa sababu alifurahi kuniona, ni hilo tu. Mama ameendelea tu kuchambua maharagwe yake. Huyo alijua kuwa ni wewe, mimi hawezi kunidanganya.

Jumamosi niko Bungoma. Nitasimama na upinde huo huo na kulenga juu zaidi, wacha wanicheke. Pumzika sasa, Baba. Ngozi sijairudisha, na sitairudisha. Nitashika hapo hapo ulipochoma.

Chemtai wako