Kindege Kimeshuka, Masanja

Masanja,

Sikusalimii. Hata ungekuwa hai leo ningepita mbele ya kibanda chako cha baiskeli nimegeuza uso. Nimekukasirikia tangu walipokuleta kutoka Geita umefungwa kwenye turubai, na hasira haijapungua hata kidogo. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Hayo ni ya wengine. Mimi Mzaramo, wewe Msukuma, ni mtani wako, nina ruhusa ya kukusema hadi kaburini. Kwa hiyo tulia usikilize.

Msibani kwenu nilifanya kazi yangu. Nilivaa ovaroli lako lenye grisi, nikatembea mwendo wako wa bata, nikasimama mbele ya jeneza nikapiga kelele, "Kaeni mbali, loketi inaluka," kwa ulimi wako ule usioijua r. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu nikasema, "Huyu alikuwa mume wangu, sasa nani atanioa?" Hapo ndipo walipocheka zaidi. Mama mmoja akanitupia shilingi, ada ya mtani. Masanja, nilikuwa nasema kweli. Nilisema kweli mbele ya umati wote ule, wakanilipa kwa kuwachekesha.

Na kosa ni lako.

Ulikuja kwa kaka Shabani jioni ile ukiwa umenyoa ndevu, ukasema, "Nimekuja kumposa Mwajuma." Kaka akakujibu kama mtani anavyojibiwa. Akakwambia ulete kwanza ng'ombe mia na mkia wa simba, tena simba awe hai. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia kwenye cherehani, nimeacha kukanyaga, nangoja useme, "Shabani, leo sitanii." Maneno matatu tu. Wewe ukacheka. Ukacheka naye, ukanywa chai yetu isiyo na sukari, ukapanda baiskeli ukaenda zako.

Kesho yake ukaja na falsafa. "Mwajuma, mtu aliyerusha roketi hachekwi. Siku kindege kikiachana nayo huko juu kikashuka kizima, nitarudi kwa kaka yako, na safari hiyo hatacheka mtu." Ulikuwa umeona picha kwenye gazeti kuukuu lililofungia vitumbua, roketi imebeba ndege isiyo na injini mgongoni, basi ukaona ndiyo mahari yangu hiyo. Mwanamume mzima, badala ya kurudi siku ile ile ukasema maneno matatu, ukakaa unakunja magazeti kwenye mpini wa ufagio.

Na mimi nikakufuata. Nilikukorogea gundi ya unga wa muhogo, unga ambao tulikuwa tunaupangia foleni. Nilikuwekea karatasi nyembamba za kufungia vitambaa, ukaziwamba juu ya mabawa ya mabua ya mtama. Nilikaa juani kwenye shamba la pamba lililovunwa, njia ya Ibadakuli, nakushikia kofia huku umelala kifudifudi unawasha kiberiti. Ilikuwa raha, sikatai. Ulikuwa ukiimba kidogokidogo puani na mimi nakucheka, na hakukuwa na mtu wa kutuambia huu ni utani au si utani.

Lakini kindege hakikuachana na roketi hata mara moja. Kilipanda kimeng'ang'ania mgongoni, kikarudi kimeng'ang'ania, vikaanguka pamoja puu. Uzi uliokishika ulitakiwa uungue roketi ikimaliza moto wake. Ulisema tatizo ni mkia, ukakata mkia. Ukasema tatizo ni pua, ukaongeza udongo puani. Kila kilipoanguka ulipangusa suruali ukaniambia, "Bado kidogo, mtani." Bado kidogo ya kuolewa mimi hiyo, nikawa naangalia bado kidogo yangu ikiokotwa vipandevipande.

Kisha mipira na viraka vikaadimika, kibanda chako kikakosa kazi, ukasikia Geita watu wanapata dhahabu. Nilikukataza. Nilikwambia duara, hilo shimo la dhahabu, ni kaburi lenye ngazi. Ukasema utakaa mpaka mvua za kwanza tu, urudi na nauli ya heshima. Mvua za kwanza ndizo zilizolainisha ule udongo ukakufukia. Mjinga wewe. Nimeliandika na silifuti.

Siku ya mazishi nilinyang'anya roketi na kindege mbele ya wafiwa. Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu mpaka kigombolewe, hakuna aliyeshangaa. Nilitaka wagombe, nipate kupiga kelele. Mayu wako, mama aliyekuzaa, akanishika mkono tu. "Chukua, mtani. Wabeja, asante. Umetuchekesha." Afadhali angenipiga kofi.

Jana nikaenda shambani peke yangu. Baruti yako ya mwisho ilikuwa bado kwenye kopo. Uzi wako wa nailoni ulikuwa umekwisha, sikuwa na mwingine, nikafunga kindege kwa uzi wa pamba wa cherehani yangu, kisha nikawasha nikakimbia.

Kikaachana, Masanja. Roketi ikamaliza moto, uzi ukawa majivu, kindege kikabaki juu peke yake. Kikageuka pole pole kama mtu anayetafuta nyumba, kikateremka kikatua kwenye vishina vya pamba bila kuvunja ubawa. Ile nailoni ilikuwa inayeyuka na kuganda palepale, ndiyo maana. Tunakaa katikati ya pamba, mabehewa yanaondoka hapa Shinyanga yamejaa pamba, na sisi wawili muda wote ule tunafunga nailoni. Tungefunga pamba, ungekuwa umerudi kuniposa kabla ya Geita. Usingekwenda. Nilikaa chini pale nikakutukana matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Nilirudi nacho mkononi, nikakiweka mezani mbele ya kaka. Nikamwambia Masanja alitaka kunioa, na nilikuwa nimekubali. Akaanza kucheka. Aliponitazama usoni akaweka kikombe chini. "Kumbe?" Nikamwambia kumbe. Akainama.

Jumapili kwenu wanaondoa matanga. Wameniletea habari nije, wanasema bila mtani wa kuchekesha matanga hayaondoki. Nitakuja. Nakuahidi hilo, na ni la mwisho utakalolipata kwangu, buriani. Ila ovaroli lako silivai. Nitajifunga kaniki, nitapita katikati yao niende mkekani walipo wafiwa, nikae ubavuni kwa mayu, nilie kwa sauti. Watacheka, najua, watadhani nimeanza. Nitaendelea kulia mpaka wanyamaze.

Mwajuma