Kuhusu Mkono wa Mama Yako

Nyuma ya soko, geti la kijani
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wetu na kwa wajukuu zangu. Natumai baridi ya huko imewahurumia na kifua chako kimetulia. Sisi tu wazima. Maji yameondoka, na tope tumelizoa mpaka migongo imegoma. Mama yako anakula na kulala vizuri, na mkono wake wa kulia unaendelea kupona. Habari za mkono huo ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu.

Ningeweza kupiga simu, lakini najijua. Ningekuuliza habari za baridi mpaka salio liishe.

Mafuriko yalipopungua nilizunguka mtaa mzima nikizima swichi kuu za watu na kuandika ukutani kwa chaki: USIWASHE MPAKA FUNDI APIME. Nilifungua soketi, nikamwaga maji ya mchanga, nikaziacha wazi zikauke siku kadhaa. Mshona viatu alitaka tu kusikiliza redio yake, nikamfokea mbele ya wanawe. Watu wakaanza kuniita Profesa. Nikakivaa kilemba hicho cha ukoka, nami nikajiona nimependeza.

Kwa mama yako nilifika mwisho, nimechoka. Kuta zilikuwa na unyevu hadi kiunoni. Nilipowasha, kile kiswichi cha kinga, kinachokata umeme ukivuja, kikajizima. Nikawasha tena, kikajizima tena. Mara ya tatu nikaamua kwamba chenyewe ndicho kilichoharibiwa na maji. Nikakiruka, nikaunganisha waya moja kwa moja, taa zikawaka, nikanywa chai nikaenda zangu. Kumbe kiswichi kilikuwa kizima, na umeme ulikuwa unavuja kweli. Kwa mteja nisingethubutu. Kwa dada yangu nilijiambia nitarudi kesho kutengeneza vizuri.

Kesho yake asubuhi, kabla sijarudi, alishika mlango wa friji. Umeme ukamng'ang'ania mpaka jirani yetu muuza mkaa alipokimbilia swichi kuu na kuizima. Mshukuru sana mama huyo.

Mama yako akawaambia watu wote kwamba alishika friji kwa mikono iliyolowa. Nami nikanyamaza. Siku ile ulipompigia ukamgombeza, ukamwambia haambiliki, nilikuwa nimeketi kando yake nikisikia kila neno. Alikuwa akikujibu tu, "Ndiyo baba, sitarudia." Ulipokata simu nikamuuliza kwa nini ananifunika.

Akasema, "Mkono utapona. Jina la fundi likiharibika, nani atakuita tena?"

Mpwa wangu, naona aibu. Naona aibu nikipita mtaani na chaki yangu bado iko kwenye kuta za watu. Nina miaka thelathini katika kazi hii, na dada yangu amebeba kosa langu kwa mkono uliofungwa bandeji.

Mficha uchi hazai. Jana nilimwita fundi wa mtaa wa pili, yule niliyezoea kumcheka na kumwita Waya Mfupi. Amefunga kinga mpya na kupima nyumba yote, nami nikamshikia tochi. Hakunicheka. Leo asubuhi nimewaeleza majirani ukweli. Mshona viatu alinisikiliza, kisha akanisogezea kigoda nikae. Afadhali angenitukana.

Umebaki wewe. Nakuomba umpigie mama yako, umtake radhi kwa maneno yale. Yalikuwa yangu, yakamwangukia yeye. Mimi nikasirikie kadiri utakavyo, nitakungoja.

Mkwe wetu mwambie mke wangu anamsalimu sana. Wabusu pacha, na yule kitinda mimba mwambie babu anamkumbuka. Mungu awalinde nyumbani mwenu, na mikono yenu ishike vitu salama.

Kabla ya kuifunga barua hii nimemsomea mama yako. Ameniomba niichane. Nimeandika anwani yako juu ya bahasha mbele ya macho yake.

Mjomba wako akupendaye, hata kama leo huna hamu naye,

Fundi