Karata ya Mwezi Nyumbani kwa Bi Marlys

Champlin, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umeshiba na umetulia, goti limepoa, na yule ng'ombe mweusi ameacha kuipiga teke ndoo ya maziwa. Mimi ni mzima wa mwili. Masikio yananiuma kwa baridi ya huku, na jina langu linaniuma zaidi.

Mama, nimesikia. Nimesikia kwamba nimeingia dini ya shetani, na kwamba hutaki kuongea nami kwenye simu mpaka nieleze kwa mwandiko wangu, kwa sababu sauti hudanganya. Basi mwandiko ndio huu.

Bibi ninayemtunza hapa anaitwa Bi Marlys. Ana miaka themanini na minne, ni mjane, na zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Namkumbusha dawa, nampikia, naangalia asianguke bafuni. Siku ya kwanza nilikuta picha kubwa ukutani sebuleni: duara kumi zimeunganishwa kwa mistari. Unajua nilisomea ufundi wa mabomba. Nikamwambia, "Bi Marlys, fundi wako alijua kazi, lakini hapa katikati alisahau kuweka koki."

Alicheka mpaka nikamletea maji. "Mwakio, huo ni mti," akasema. "Mti wa Uzima. Ni Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi wa kale."

Mama, mti wenyewe hauna hata jani. Lakini alinieleza taratibu, kama anafundisha darasa la nne. Zile duara ni namna Mungu asiyeonekana anavyojidhihirisha. Ya juu kabisa ni Taji, ya chini kabisa ni Ufalme, yaani dunia hii tunayoikanyaga. Katikati kuna Hekima, Rehema, Nguvu, Utukufu na nyinginezo. Nikajiambia, mbona haya maneno nayajua? Mengine tunayasema kila Jumapili tukimaliza Sala ya Bwana. Mistari ni ishirini na miwili, kila mmoja na herufi yake ya Kiebrania. Moyo ukatulia.

Ndipo akatoa karata.

Zinaitwa taroti. Zile kubwa ni ishirini na mbili, na kila moja ina mstari wake wa kupangiwa kwenye ule mti. Ya kwanza kuiona ilikuwa mifupa imepanda farasi. Nilirudi kinyumenyume hadi jikoni.

"Hiyo ni Kifo," akaniita. "Maana yake ni mabadiliko tu!"

Nikamjibu kutoka jikoni kwamba hata kwetu kifo ni mabadiliko, tena makubwa.

Yeye mwenyewe alikiri kwamba zamani zilikuwa karata za kuchezea tu huko Italia, na kwamba waliozifunga na ule mti ni Wazungu wa juzijuzi. "Marabi wangenifukuza kwa ufagio," akasema. Lakini alipewa na marehemu mumewe, na kila asubuhi huvuta moja akaiweka mezani. Zikianguka nilikuwa naziokota kwa glavu za kazi.

"Mwakio, haziumi."

"Hata nyoka wengine hawaumi, Bi Marlys, lakini siwashiki."

Basi daktari akamkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akasema ni upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Tukapangiwa siku. Kumbe asubuhi ya siku yenyewe akavuta karata, akaisogeza karibu na pua.

"Mnara," akasema. "Mnara unapigwa na radi, watu wanaanguka. Siendi."

Katika wiki tatu ikatoka mara nne. Huku anamimina chai pembeni ya kikombe, anajikwaa kwenye kiti ambacho hakijahama miaka ishirini. Bintiye anayeishi jimbo la mbali akapiga simu: kama mama hatibiwi, nyumba itauzwa na atahamia makao ya wazee. Bi Marlys alikata simu, akakaa ameshika pindo la kitambaa cha meza kama mtoto aliyekaripiwa. Niliomba, Mama, niliomba sana. Ile karata haikujali.

Alhamisi akaivuta tena. "Mnara," akasema. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaziacha, nikaenda pale mezani, nikaichukua ile karata. Mikono mitupu, Mama, sifichi. Nikaiinua dirishani penye mwanga.

"Bi Marlys, huu mnara una mwenzake."

"Nini?"

"Minara ni miwili. Katikati kuna mbwa wawili wanabweka, na mdudu kama kaa anatoka majini. Radi hakuna. Wanaoanguka si watu, ni vitone vinadondoka kutoka mwezini. Na namba ni kumi na nane." Zile namba za Kirumi ulizonifundisha wewe mwenyewe.

"Mnara ni kumi na sita," akasema polepole. "Kumi na nane ni Mwezi." Akafunika uso kwa mikono. "Wiki tatu, Mwakio. Wiki tatu nasoma kitu ambacho hakipo."

Nilidhani analia. Kumbe anacheka, kisha akalia kweli. Akaniambia njia ya Mwezi inashuka moja kwa moja hadi Ufalme, na kwamba herufi yake maana yake ni kisogo, mahali mtu asipojiona. Nikamwambia hata kwetu, kisogoni ndiko watu wanakosemwa.

Na kisogoni kwangu, mlangoni, alikuwa amesimama binamu yangu Wakesho.

Alikuja kunichukua kwa sababu gari langu lilikataa kuwaka kwa baridi. Alichokiona ni mimi chini ya duara kumi, karata juu, na bibi wa Kizungu analia huku anacheka. "Mwakio! Na wewe umejoin?" Kabla sijafungua mdomo alishapiga picha. Nilimweleza njia nzima mpaka kwake New Hope. Akasema, "Mimi nina-drive, usini-confuse." Mlipoamka huko Wundanyi, ile picha mlikuwa nayo.

Bi Marlys alipasuliwa jicho la kulia. Kesho yake bandeji ilipotolewa alinitazama. "Nilidhani wewe ni kijana," akasema. Kisha akasimama mbele ya mti wake. Rehema ni duara ya buluu. Kwa miaka alikuwa akiiona kijani. Aliigusa kwa kidole. Halafu akaliona vumbi juu ya fremu, akaniagiza kitambaa. Habari za kuuza nyumba zimekwisha.

Mghoi, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea. Hapa usiruke hata neno.

Mama, Mghoi ameniambia hiyo picha hukuiona, ulisimuliwa tu. Ameniambia ulisimama dukani kwa fundi cherehani ukalisalimia gauni lililotundikwa, ukakasirika halikuitika. Ameniambia na wewe daktari alishakwambia ni mtoto wa jicho, ukajibu Mungu akitaka uone utaona. Mama, nimepigwa picha kama mchawi kwa ajili ya mwanamke mmoja anayeogopa kisu. Usinipe wa pili. Mghoi atakupeleka hospitali Jumatatu, na mumewe amekubali kuwapeleka kwa gari.

Nisalimie baba mdogo, shangazi wa kule mlimani, na kina mama wa kanisa. Nasikia wamefunga kwa ajili yangu. Waambie wale.

Ni mimi mwanao, bado Mkristo,
Mwakio