Plasta Upande wa Barabarani

Jumatatu, 22 Novemba

Mchoro umerudishwa tena. Mara ya tatu. Mhadhiri anasema mistari yangu minene, kama nachora kwa mkaa. Wenzangu wa shule za mjini walishika ubao wa kuchorea tangu sekondari. Sisi wa kijijini Matongo rula moja ilikuwa inazunguka darasa zima. Hesabu sielewi, nakariri. Mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi, na tayari naogopa kudisko, kufukuzwa chuo kwa kufeli. Mama kapiga simu kuuliza kama nimeshajenga daraja. Nimecheka, nikakata simu, nikalia bafuni.

Jumamosi, 5 Machi

Nyumbani, likizo fupi. Kijiji hakikaliki. Inasemekana mgodi utachukua ardhi mpaka kwetu na wathamini wako njiani. Basi kila mtu anafanya tegesha: nyumba za harakaharaka zinaota katikati ya mihogo, si za kuishi, ni za kuhesabiwa ulipwe fidia, halafu zibomolewe. Hata katekista anazo mbili. Baba mdogo Marwa, mdogo wake marehemu baba, anataka tujenge kwenye shamba la mama. Mama hataki. Anasema shamba lile limemlisha, hajawahi kuliomba zaidi ya hapo.

Jumapili, 6 Machi

Baba mdogo kaniita kwenye kikao cha wanaume. Huyu ndiye aliyekuwa anasema msichana akisoma sana anafukuza ng'ombe wa mahari. Leo kanipa kiti. Kaniita mura, kama kijana wa kiume, akaniambia injinia tuchoree. Nilivimba kichwa, ukweli ndio huo. Nikachora palepale: vyumba vinne na baraza. Msingi wakasema niache, nyumba ya kubomolewa msingi wa nini. Nikaacha. Plasta upande wa barabarani tu, maana wathamini watapiga picha wakiwa barabarani. Wazo hilo lilikuwa langu. Wazee wakacheka, wakasema kweli shule si bure.

Jioni nikamshawishi mama. Alinitazama sana. Akasema kama ni mimi ninayesema, sawa.

Jumamosi, 12 Machi

Wameezua nyumba ya mama. Bati zote zimehamia kwenye tegesha. Matofali mabichi, yamepangwa juu ya udongo wa shamba, basi. Mama kaingiza kitanda humo kwa muda, mpaka fidia itoke. Ukiwa barabarani inapendeza kweli. Nimeipiga picha nikawatumia wenzangu wa chuo. Kesho nasafiri.

Alhamisi, 14 Aprili

Wathamini wamekuja, wameondoka. Mpaka wa mgodi umeishia kwenye katani za jirani. Sisi tumebaki nje. Baba mdogo ananieleza kwenye simu kwa sauti ya msibani. Nyumba ya zamani, bila bati, imelowa na kuporomoka. Kwa hiyo mama hana pengine. Tegesha ndiyo nyumba yake. Nimekaa kitandani na viatu mpaka wenzangu wakauliza kama naumwa.

Jumanne, 19 Aprili

Somo la leo: msingi. Mzaha gani huu. Mhadhiri kachora ukuta umekaa juu ya udongo mtupu, kisha kachora mvua, kisha kauliza nini kitatokea. Darasa zima likajibu. Mimi nikaendelea kunakili mchoro.

Nimempigia mama, nikamwambia ahamie kwa baba mdogo mpaka masika yaishe. Kacheka. Ataiachaje nyumba aliyochorewa na mwanawe, watu wanakuja kuitazama. Ilikuwa nimwambie wazi kwamba itaanguka. Nikamwambia aangalie nyufa. Nyufa! Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 10 Mei

Huko mvua kila siku. Mama anasema kuzuri. Kila nikiuliza, kuzuri. Sauti yake imepungua. Nikiomba anitumie picha ya nyumba anasema simu ya jirani imeharibika. Baba mdogo hapokei. Mitihani iko karibu na kila nikifungua daftari naona ukuta ule.

Jumatano, 20 Julai

Nimefika. Kwa mbele nyumba ni ileile, nzuri. Nyuma hakuna ukuta. Kuna turubai. Mama katoka amefunika mkono wa kulia kwa kanga. Nimesema shikamoo, akanyoosha wa kushoto. Nikaifunua ile kanga. Kifundo kimepinda, mfupa umeunga vibaya. Ukuta ulianguka mwezi wa tano, yeye akiwa anakoka moto pembeni. Akamkataza baba mdogo asiniambie, kwa sababu nina mitihani.

Alhamisi, 21 Julai

Leo ndiyo nimejua yote. Kijiji kizima kinaamini mama aliteleza kisimani. Ukuta je? Eti kaubomoa mwenyewe, anataka kupanua jiko. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kusema ramani ilikuwa ya Gati, yaani mimi, yeye alifuata tu. Mama akamuwahi kwa hadithi ya kisima.

Nimemwambia mama nitawaeleza watu ukweli. Hakuinua sauti. Akasema, "Gati, mkono ni wangu. Nilianguka kisimani. Na wewe ukiulizwa, utasema hivyohivyo."

Najuta. Laiti asingeniamini. Yeye peke yake ndiye aliyekataa, na mimi ndiye niliyemgeuza, kwa sababu ya kiti kimoja kwenye kikao cha wanaume.

Jumapili, 24 Julai

Matokeo yametoka. Sina sapu, hakuna mtihani wa kurudia. Michoro nimepata A. Mama kataka nimsomee mara mbili.

Jirani yetu mama Bhoke kapita kunipongeza. Anaomba nimchoree nyumba kama hii hii, kaipenda ile plasta. Mama akatazama chini. Nikamwambia nitamchorea, ila ya kwake itaanza na mtaro wa msingi na mawe, na kwamba ya mama nayo naianza upya leo. Kashangaa, nyumba nzuri hivi. Kaondoka hajaelewa.

Nimesonga ugali mimi. Mama kashikilia sufuria kwa kushoto. Baada ya kula nikachukua jembe, nikaenda nyuma, nikaanza kuchimba pale ukuta ulipokuwa. Udongo ni laini, jembe linazama lenyewe. Mama kaja na kigoda, kakaa karibu, anaokota mawe kwa mkono wake mzima na kuyaweka kando, jiwe mojamoja. Kila nikiinua kichwa, bado anaokota.