Siku Nne za Kimya

Jumamosi, 3 Mei

Haya. Daftari jipya, kalamu ya bure, na mimi mtu wa miaka hamsini na nane naambiwa niandike shajara kama msichana wa shule! Mwalimu wa semina kasema hakuna atakayesoma. Afadhali. Mwandiko wangu hata mimi unanishinda.

Semina yenyewe ni ya vinyozi, wasusi na mafundi wa mtaani. Tunakutana ukumbini Jumamosi tatu, kujifunza juu ya majeraha ya utotoni — yale yasiyoonekana. Nilikwenda kwa sababu ya chai, nisiseme uongo. Jirani yangu fundi viatu naye hivyo hivyo. Mwalimu ni mama mfupi, sauti ya chini. Kasema sisi tunawaona watoto wa mtaa kuliko daktari. Mtoto anayejikunja mtu akiinua mkono, wa kwanza kumjua ni kinyozi. Hapo nikakaa vizuri. Kweli kabisa! Miaka thelathini nawaona wanaojikunja, nami nawaambia, tulia wewe, sikuchinji.

Kisha likaja la muhuri. Kila mtoto nikimaliza kumnyoa nampiga kakofi kisogoni — pa! — muhuri wa kinyozi. Mtaa mzima unaujua. Mwalimu kauliza kama nimewahi kumuuliza hata mtoto mmoja kama anaupenda. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Sijawahi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeacha muhuri. Mtoto wa kwanza kafika mlangoni, kageuka. Mbona hujanipiga? Nikamwambia siku hizi muhuri unaombwa. Akafikiri. "Basi leo sitaki." Akaenda zake anaruka. Loo!

Jingine nililofundishwa: kumuuliza mtoto nianzie wapi, mbele au nyuma. Fundi viatu kanichungulia dirishani, anataka kujua tangu lini mtoto wa miaka mitano anaombwa ruhusa. Nikamwambia yeye hawezi kuelewa, viatu haviogopi. Kaondoka anasonya.

Kuna kasichana kamoja kalikuwa kanapiga mayowe kila kakija, mama yake anakashika mikono. Leo nimekauliza. Kamesema nyuma. Nikaanza nyuma. Kamekaa kimya mpaka mwisho, kananitazama kwenye kioo kama askari. Nina raha mpaka naona haya.

Alhamisi, 8 Mei

Mke wangu anasafiri kesho, siku kumi. Dada yake kafanyiwa upasuaji, anahitaji mtu.

Asubuhi binti yetu kapita akienda kazini, duka la dawa, na mjukuu wetu mkononi. Sisi tunamwita Pilipili. Miaka minne, na mdomo wake haufungi — huo karithi kwangu. Siku zote anashinda na bibi yake. Mwenzangu akauliza, basi siku hizi kumi mtoto atakaa na nani? Nikadakia: na mimi! Saluni iko hapa hapa, kiti kipo, redio ipo, babu yupo. Binti akatazama viatu vyake. Kasema ameshaongea na jirani yake.

Jirani! Mtu ambaye hata hajui huyu mtoto halali bila kushikwa sikio.

Nikatania kidogo, wakaondoka. Lakini nimekaa nikijumlisha. Miaka minne, na Pilipili hajawahi kubaki na mimi peke yangu. Hata saa moja. Bibi yake akienda sokoni anambeba, na siku binti yupo, bibi akitoka tu naye anamchukua mtoto wake wanatoka. Nilikuwa sijaliona. Au nililiona nikapita.

Jumamosi, 10 Mei

Semina ya pili. Leo nimeaibishwa, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Mwalimu aliuliza tulilelewaje. Nikasimama. Nikasema baba yangu alikuwa na mkanda, na mkanda ulikuwa na msumari wake ukutani, tunautazama huku tunakula. Nikaapa mtoto wangu hataujua mkanda. Na sijawahi kumgusa binti yangu hata kwa kijiti! Watu wakapiga makofi. Fundi viatu akapiga mluzi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilikuwa naivuta hasa.

Mwalimu naye alipiga makofi. Kisha akauliza: na binti yako alipokukosea, ulifanyaje?

"Nilinyamaza tu. Siongei naye mpaka ajirudi."

Siku ngapi?

"Mbili. Tatu. Nne akizidi."

Wakacheka wote — mimi kumnyamazia mtu! Kinyozi anayeongea mpaka na mashine! Mwalimu hakucheka. Wala hakunisema vibaya. Alisema tu kwamba mtu mzima anajua kimya chake kitaisha lini, mtoto hajui. Tukaenda kwenye chai. Yangu ilinishinda.

Jumapili, 11 Mei

Sina la kuandika. Nimekasirika. Kunyamaza nako ni kupiga? Kesho tutaambiwa hata kukoroma ni kosa.

Jumanne, 13 Mei

Nimemuuliza.

Nilikwenda duka la dawa saa yake ya mapumziko. Tukakaa kwenye benchi la nyuma, penye maboksi matupu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno mazuri, na nilipofika yakatawanyika yote. Nikauliza moja kwa moja: mbona huniachii mtoto?

"Baba, tuyaache tu."

Nikasema tusiyaache.

Akabandua utepe wa boksi moja, polepole, kipande kwa kipande. "Nilivunja redio yako. Unakumbuka?"

Sikumbuki! Haki ya Mungu, sikumbuki.

"Nilikuwa na miaka saba. Siku nne hukuniongelesha. Nakuamkia, huitikii. Unamwambia mama, mwambie huyo asogee. Na huku nakusikia na wateja wako, unacheka nao mpaka kicheko kinafika nje. Siku ya tatu nikaingia saluni kujitazama kwenye kioo. Nilidhani nimekufa, baba, halafu hamjaniambia."

Nikasema, lakini sikukupiga. Likanitoka tu, kabla sijalifikiria!

"Najua hukunipiga. Nilikuwa naomba unipige, yaishe."

Nimelia. Mtu mzima, kwenye benchi la duka la dawa. Nilisema nisamehe, mara moja, ya pili haikutoka. Hakuniambia yameisha. Alinipa karatasi ya kujifuta, akakaa nami mpaka nikatulia, kisha akasema mapumziko yamekwisha.

Jumatano, 14 Mei

Wateja wachache. Mmoja ni mzee ninayemnyoa tangu nifungue. Kasikia habari za semina, kaja na methali yake ya samaki: mkunje angali mbichi! Nikamwambia, shikamoo mzee, ni kweli, lakini wengine tulikunjwa tukavunjika, na tunatembea hivyo hivyo. Alicheka sana. Halafu, povu likiwa shavuni, akaanza kunisimulia habari za mjomba aliyemlea. Miaka yote hii hajawahi kulitaja hata jina lake. Nikaweka wembe chini nikamsikiliza. Wateja wawili walisubiri na hakuna aliyelalamika.

Ajabu, moyo unauma na bado nina furaha. Kama siku ya kung'olewa jino bovu.

Jumamosi, 17 Mei

Semina ya mwisho. Nimewaambia habari ya redio, yote, na jinsi nilivyojisifu mbele yao. Nyani haoni kundule, basi leo mimi nimeliona. Sikupigiwa makofi, na nashukuru. Fundi viatu, yule yule wa mluzi, kasema mwanawe mkubwa hajampigia simu miaka mitatu, na siku zote yeye anatuambia kijana ana shughuli nyingi. Kasema hivyo akiwa ameshika kikombe kitupu. Tumekubaliana tutaendelea kukutana wenyewe, kila mwezi, saluni kwangu. Viti tutaazima.

Wakati wa kuagana nikamuuliza mwalimu: mtu kakasirika kwelikweli. Asipige, asinyamaze. Afanye nini sasa? Kasema: sema. Sema kwa mdomo kwamba umekasirika, na sema kwamba bado upo. Rahisi hivyo? Kasema si rahisi.

Mchana simu. Binti. Kesho jirani yake ana safari, na yeye ana zamu ya saa nane mpaka saa kumi. "Baba, utakuwepo?"

Nitakuwepo! Nimefagia saluni mara tatu, na hakuna uchafu.

Jumapili, 18 Mei

Saa kumi na robo. Naandika harakaharaka, mama yake atafika sasa hivi.

Alimleta saa saba na nusu. Akasimama mlangoni muda mrefu, akinieleza vitu ninavyovijua: maji yake haya, chooni umpeleke, nipigie. Kisha akaondoka, akageuka mara mbili. Tukaanza vizuri sana. Pilipili alinisuka ndevu. Alilinyoa taulo. Alinihoji kwa nini nywele zangu zimehama kichwani zikaenda puani.

Halafu nikamwachia mashine aishike ikiwa imezimwa. Kosa langu, la mtu mwingine halipo. Mtu kaniita nje, anauliza kama nimefungua. Maneno matatu tu. Nageuka — zzzz! Barabara nyeupe, kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini! Nywele ambazo mama yake hajazikata tangu azaliwe!

Hasira ikaja. Sasa naijua inavyokuja. Kifua kizito, taya zinakazana, ulimi unalala. Nikaichomoa mashine ukutani, nikampa mgongo. Nikachukua ufagio nikawa nafagia mahali pasipo na kitu.

"Babu?"

Sikuitika.

"Babu?" Sauti ndogo zaidi.

Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Nyingi. Naandika ukweli, maana hakuna asomaye: sehemu ya mwili wangu ilitaka ziendelee. Nilihisi niko sahihi kabisa, mpole kabisa, mtu asiyepiga.

Nikageuka. Nikachuchumaa mbele yake. Ulimi ulikuwa mzito kama gunia la mchanga. "Nimekasirika," nikasema. "Nimekasirika sana, Pilipili. Mashine inakata, na hukuniuliza. Nitakasirika bado kidogo. Lakini nipo. Naongea na wewe, unanisikia?"

Akanikagua. Midomo ilikuwa inamtetemeka, ikaacha. "Umekasirika mpaka wapi?"

Nikaonyesha shingoni.

"Sasa je?"

Nikajipima kweli, sikumdanganya. Kifuani.

"Sasa je?"

Imechukua muda. Tumeshuka tumboni, tukakwama hapo, tumefika magotini. Haijaisha na nimemwambia haijaisha. Yuko hapa kando yangu, anakula ndizi, anauliza naandika nini.

Kichwa chake sijakigusa. Niliinua mkasi nikaushusha. Mama yake ndiye atakayeamua, na Pilipili mwenyewe.

Mlio wa viatu nje. Yeye huyo. Pilipili keshanitoka, kakimbia mlangoni kabla sijafunga hata kalamu.

"Mama! Babu amekasirika! Ameniambia! Alikasirika mpaka hapa, sasa yuko kwenye magoti!"

Anasema kwa furaha, mikono juu, kama aliyeletewa zawadi.

Binti yangu yuko mlangoni. Anakitazama kile kichwa. Sasa ananitazama mimi, mkono wake bado uko kwenye kitasa. Naweka kalamu chini, nianze mimi kusema.