Chupa Kando ya Nguzo

Jeddah, 8 Mei 2014

Dada Selipher,
Salamu nyingi. Mgongo waendeleaje? Mimi mzima, ila joto. Kuna jambo linanisumbua akili. Hapa saiti tunajaribu nguzo za msingi, nyembamba, unene wa shibiri, mita kumi ndani ya mchanga. Zinavutwa kutoka kando kwa kamba ya chuma, injinia anapima zimesogea kiasi gani. Ya Jumatatu ilisogea kidogo. Ya jana, pacha wake, mara mbili ya hapo. Wanasema Bonface, mwenzetu anayechanganya zege, alipunja simiti, wamrudishe Kenya. Bonface hapunji. Sasa ni nini?
Ndugu yako, Dalmas

Riyadh, Ijumaa 9 Mei

Ndugu yangu,
Mgongo unajikokota, asante. Simu napewa Ijumaa tu, basi sikia upesi. Hapa mtaa wa Malaz, uani kwa tajiri wangu, nguzo ya kamba ya nguo imefukiwa kina cha kiuno. Nikapanda mrehani shinani pake, nikichimbua mchanga kina cha kiganja hivi. Nguo mbichi zikaivuta, ikalala, na chini sikugusa. Nikarudisha mchanga, nikaushindilia kwa kisigino, imesimama hadi leo. Nani alichimba hapo kwenu?
Dadako

Jeddah, 10 Mei

Dada,
Salamu tu, leo sina raha. Ni mimi. Saa ya chakula tunafukia chupa za maji zisichemke, na kivuli kiko chini ya mtambo wa kuvutia nguzo. Nilichimba hadi kiwiko kando ya nguzo ile ya pili, upande ule inakovutwa. Nikisema, nitarudishwa mimi, na nyumba ya mama haina paa. Naogopa.
Dalmas wako

Riyadh, Ijumaa 16 Mei

Dalmas,
U hali gani? Nimeingoja Ijumaa kama mfungwa. Umesema? Mwana wa watu asibebe shimo lako. Halafu niambie, hizo mita kumi zote zina kazi gani?
Dadako

Kakamega, 25 Mei

Dada mpenzi,
Mama hajambo, anakusalimu. Nilisema. Injinia akanipa koleo, nichimbe vilevile kwenye nguzo ya Jumatatu. Ikavutwa, ikasogea mara mbili ya mwanzo. Alicheka peke yake. Anasema mita kumi ni za kubeba uzito. Nguzo nyembamba ikisukumwa kando, inashikwa na mchanga wa juu, wa chini hauna habari. Meneja yeye akasema halas, yaani basi, nirudi Kenya.
Bonface amebaki. Alinisindikiza hadi getini, akanipa chupa ya maji ya safari. Yalikuwa moto. Siku hizi hakuna anayefukia chupa pale.
Nduguyo