Nyaya Mbili za Mota ya Ngulyati

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka. Nakuandikia nikiwa karakanani, jua la Bariadi limelala mlangoni na vumbi la pamba linaelea taratibu, kama msimu wowote. Harufu ya vanishi bado haijatoka ukutani. Kigoda chako kipo pale pale. Tangu tukuzike nilikuwa nachutama kando yake, sikuthubutu kukikalia.

Unaikumbuka mota yangu ya kwanza? Ile ndogo ya fezi moja, ya pampu ya Nkololo. Niliwasha, ikavuma tu bila kuzunguka, nikasema imekufa. Ukaisukuma ekseli kidogo kwa kijiti, ikaondoka yenyewe. "Haijafa, ng'wanone. Haijui ianzie upande gani," ukasema, ukabadilisha kapasita, kile kikopo kinachoipa msukumo wa kuanzia.

Kisha ukanifungulia kubwa ya fezi tatu. Ukanionyesha mafungu matatu ya koili, umeme unavyopokezana humo mpaka mvuto wa sumaku unazunguka duara, na chuma cha katikati, kisichoguswa na waya hata mmoja, kinaukimbiza. Nikauliza kinaufikia lini.

"Hakiufikii. Kikiufikia, hakitavutwa tena."

Mchana ule nilisinzia juu ya magunia, nikaota nakimbiza kitu nisichokiona, na wala sikuchoka.

Mizunguko ya waya uliihesabu kwa uzi wa pamba, kila kumi fundo moja. Karatasi hukuiamini, eti inakunywa mafuta. Nilikucheka sana kwa hilo. Nisamehe.

Baada ya matanga, kaka Maduhu alitaka kibanda hiki cha karakana apewe muuza simu. Nikambembeleza. Kina mama wa Ngulyati walikuwa wameleta mota ya mashine yao ya kusaga, imeungua, basi kaka akasema mbele ya mama yetu, "Haya, isuke waya upya peke yako. Ikisaga, kibanda chako. Isiposaga, tusisumbuane." Na wewe unajua, fezi tatu nilikuwa sijawahi kuisuka bila wewe. Nikatoa waya wa zamani nikiuhesabu kwa uzi wako, fundo kwa fundo, nikasuka mpya kwa hesabu ile ile, siku nne. Vidole vilivimba.

Jana tukaifunga kwenye mashine yao. Nikawasha, ikazunguka kinyumenyume! Mkanda unarudi nyuma, unga hautoki. Kaka akakunja mikono.

"Hee, hii inataka kuturudishia mahindi!" mama mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Niliogopa, Baba. Niliogopa kweli. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukichekea puani kila tulipokosea hivi hivi, wewe fundi mzima. Nikazima umeme, nikabadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya zile tatu, basi. Nikawasha tena. Unga ukashuka, mweupe, wa moto.

Nikageuka kukutafuta, uniitikie kwa kichwa. Nilikuwa nimesahau. Nikalia pale pale, unga umejaa usoni, na kina mama wakanishika mabega wakinishukuru, "Wabeja, wabeja sana," wakidhani ni furaha tupu. Furaha ilikuwepo pia.

Leo asubuhi kaka amepita hapa. Alinikuta nimechutama, akakisukuma kigoda chako kwa mguu mpaka nilipo, akaenda zake.

Pumzika, Baba. Uzi nimeurudisha kwenye msumari wake. Barua hii nimeiandika nikiwa nimekaa.

Mwanao wa karakanani